Tangazo la Asubuhi

Mwaka wa tisa huu nimeshika kipaza sauti cha hekalu
hapa Kotla Behram, Punjab, ngano pande zote hadi mpakani.
Natangaza ndama aliyepotea, zamu za maji ya mfereji,
siku ya chanjo.
Na misiba.
Misiba ina sentensi yake, nimeikariri:
Moyo wake umesimama ghafla.

Moyo wa Lakhbir ulisimama akiwa na miaka ishirini na mitatu,
mcheza kabaddi, mapaja kama magogo.
Moyo wa Jagseer ulisimama ndani ya kibanda cha pampu,
mguu mmoja kiatuni, mwingine kwenye tope.
Kwa Tehal, ndugu wawili, wiki moja.
Mpita njia angedhani kijiji hiki kina maradhi ya moyo.
Asingekosea sana.

Sote tulijua.
Watoto walijua: waliokota sindano mferejini,
wakazifanya bastola za maji.
Unga wa chapati tulikuwa tukiutaja hadharani, hata kuugombania bei.
Ule mwingine tuliumeza pamoja na jina lake.
Kijiji kinacholima unga, kinakufa kwa unga,
na mimi juu ya paa nasema: moyo.

Ndipo alfajiri moja akaja Surjit, mama yake Nachhattar,
kilemba hana, mtandio umemwanguka, macho makavu.
"Usiseme moyo," akaniambia.
"Moyo wa mwanangu ulikuwa mzima.
Usiku kucha nilikuwa nimeuwekea sikio."
Akaninyang'anya kipaza sauti.

"Mimi Surjit. Mwanangu ameuawa na unga.
Nilijua tangu mwaka juzi.
Niliuza bangili zangu, nikasema zimeibwa.
Alosto ilipomshika nilimfungia ndani,
akaugonga mlango kwa kichwa,
nikawaambia majirani tunatengeneza kitanda.
Kuna mwenzangu ana chumba kama hicho leo.
Namwomba afungue."

Mfukoni mwangu mlikuwa na ufunguo.

Wa zizi la nyati, nyuma ya nyumba yangu,
alimolala Gurtej, mtoto wa marehemu dada yangu,
juu ya magunia, akiitafuna shuka yake.
Mimi, sauti ya kijiji.

Msidhani watu walipiga makofi.
Mzee wa mtaa alipanda ngazi akitweta:
"Nani sasa ataoa binti zetu?"
Siku tatu nyumba ya Surjit haikupelekewa hata maziwa.
Siku ya nne Bhupinder, dereva wa mashine ya kuvunia,
alimleta mdogo wake akiwa amemshika kwa mkono wa shati,
kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.
Wakaketi jikoni kwa hekalu, penye wakanda unga.
Hakuna aliyewauliza kitu. Wakapewa donge, wakakanda.

Jioni ile nilifungua zizi.

Sina muujiza wa kuwasimulia.
Wawili walirudia. Mmoja alitoroka na mtungi wa gesi wa hekalu;
tukamfuata hadi mjini, tukamrudisha yeye na mtungi,
mtungi ukiwa mtupu, yeye pia.
Tukaujaza mtungi.
Yeye anachukua muda zaidi.

Basi sikieni, ndugu zangu, kabla ng'ombe hawajakamuliwa.
Leo sina maiti. Natangaza mtu aliye hai.
Gurtej, mpwa wangu, ana siku kumi na tisa.
Alhamisi anatakiwa kliniki, na basi linasimama
mbele ya duka la yule mnayemjua,
yule ambaye nyote mmekula harusi yake.
Peke yake hataweza kupita pale. Amesema mwenyewe, nami namwamini.
Mwenye trekta na nafasi ya watu wawili
aje kwangu. Mlango uko wazi.

Ndama wa Tehal bado hajaonekana. Ana doa jeupe usoni.